Mwanamume Aliyekaa Eda ya Mama Yake

Juzi nilikwenda Barking, kwenye ukumbi walioukodi Wanepali, kumuaga Dai Narahari. Mwili walishauchoma, kwa hiyo iliyokuwapo ni picha yake tu, kubwa kama mlango, imevikwa mataji ya maua ya njano, na mbele yake maprofesa wamepanga foleni kama watu wanaogawiwa sukari. Huyu kasema marehemu alikuwa mshairi aliyewafanya watu wa mjini wasiione haya lugha ya bibi zao. Yule kasema aliizunguka milima ya kwao kwa miguu, kinasa sauti begani, akikusanya nyimbo za wavunaji na wachunga mbuzi kabla hazijazikwa na wenyewe. Yote kweli. Lakini niliwasikiliza mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja aliyeutaja mwaka ule aliokaa bila wimbo. Binti yake alipokuja kunishika mikono akaniita shangazi kwa lugha yao, mjukuu wangu Zuhura, aliyenipeleka kwa gari, akaniinamia akaniuliza huyu mzee alikuwa nani kwangu. Kauliza kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, ila mdomo wake ni wa London. Nikamwambia nyamaza, nitakueleza nyumbani. Nyumbani nikaanza kueleza, simu yake ikalia, na mie nikachukua kalamu. Shule nilifika darasa la nne, mwandiko wangu kama kuku kapekua jaa, lakini niliyoyaona niliyaona mie, si profesa.

Tulikuwa tukiishi Kilburn, nyumba ya Mama Pushpa, Mhindi wa Kampala, mjane, mwenye Kiswahili cha dukani na roho nzuri aliyoificha kwa makelele. Mie chumba changu kilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Dai Narahari alikuwa chumba cha kati, kilichojaa kanda na vitabu mpaka kitanda chake kilikuwa kama kimekuja kutembea tu. Jiko lilikuwa moja, chini, na ndilo lililokuwa nyumba yenyewe. Dai kwao ni kaka mkubwa, na yeye akiniita bahini, yaani dada mdogo. Mchana alikuwa akifundisha chuo kikuu. Jioni alikuja jikoni na chai yake ya maziwa, tangawizi na pilipili manga, akakaa pembeni kama mtu anayesubiri basi, kumbe anatega sikio. Mie nikipika huimba, sijijui. Basi ananiuliza, kwa Kiingereza, lugha iliyotukutanisha sote watatu. Wazungu wakikusikia unaimba huuliza maneno yana maana gani. Yeye hakuniuliza hata siku moja. Aliuliza, “Bahini, wimbo huo ukiimbwa kwenu, mikono inafanya nini?” Nikimwambia inatwanga, au inasuka ukili, au inamwogesha bibi harusi, anatikisa kichwa kana kwamba nimempa kitu cha kutia mfukoni. Mwanzo nilidhani ana kasoro kidogo. Sasa nina wajukuu saba na ninaona yeye ndiye aliyekuwa anauliza sawasawa.

Jumamosi moja asubuhi, baridi imekaza, natoka zamu hospitalini nilikokuwa nikisafisha wodi, Mama Pushpa akanipokea mlangoni kidole mdomoni. “Mama yake Narahari nakufa,” akasema. “Simu nakuja.” Nikauliza yuko na nani? “Iko peke yake, juu.” Nikasema lahaula! Kwetu Pemba mtu akifiwa jiko lake haliwashwi. Majirani ndio wanaopika, ndio wanaoteka maji, na mfiwa haachwi hata dakika moja, asije akaanza kuzungumza na ukuta. Sikuvua hata koti. Nikapika wali wa nazi na mchuzi wa changu, nikautia chumvi na ndimu ya kutosha maana mwenye huzuni ulimi wake hulala, nikapanda nao ngazi, mlango nikausukuma kwa nyonga. Dai kakaa sakafuni juu ya mkeka, kajifunga shuka jeupe lisilo na mshono, bega wazi na baridi ile. Mbele yake jiko dogo la umeme na kisufuria cha shaba, wali unatokota. Anajipikia! Moyo ukanipasuka. Nikaweka sinia, nikapiga magoti, nikamshika mikono yote miwili, nikaangua kilio kama tunavyolia sisi, kilio cha kumsaidia mwenzio. Yeye akakauka kama ubao.

Mama Pushpa alipanda zile ngazi kama msichana. “Wewe! Toka! Hapana gusa yeye!”

“Mtu kafiwa na mamake asishikwe mkono?” nikamwambia. “Dini gani hiyo?”

“Dini yake! Siku kumi na tatu hapana mtu nagusa yeye. Napika mwenyewe, mara moja tu, hapana chumvi. Sasa naoga tena, chakula natupa, mpaka kesho njaa! Na wewe naleta samaki ndani ya kiriya, ndani ya matanga!”

Dai akainuka, akapita ukutani asiniguse, nikasikia maji ya baridi yanamwagika bafuni, na yeye ndani yake anatweta. Ule wali wake akawamwagia ndege uani. Mie nikateremka na sinia langu, nikakaa jikoni nikamla yule changu peke yangu, nusu kwa hasira nusu kwa aibu, na alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo.

Siku zake kumi na tatu zilipotimia akateremka. Kichwa kimenyolewa, kofia nyeupe, suruali nyeupe, viatu vyeupe vya turubai. Akasimama mlangoni pa jiko. “Bahini, siku ile ulikuja kufanya nini?” Nikamweleza habari ya jiko la mfiwa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti. “Ninyi mnasema mfiwa asiwashe jiko,” akasema. “Sisi tunasema asiwashiwe.” Akacheka kidogo, na hicho ndicho kicheko chake cha kwanza tangu simu ile. Akanieleza kuwa siku kumi na tatu ni mwanzo tu. Mwana anayemlilia mamake kwa ukamilifu huvaa nyeupe mwaka mzima, mpaka viatu, tena visiwe vya ngozi. Maziwa hanywi, maana mama ndiye maziwa. Harusini haendi, sikukuu haingii. Na wimbo, haimbi wala hakai kuusikiliza. Nikamtazama. Eda naijua. Shangazi yangu alikaa yake miezi minne na siku kumi na sote tulinyamaza nyumba nzima. Lakini eda ni ya mwanamke kwa mumewe. Mwanamume kukaa eda ya mamake, tena London, kwenye treni ya chini kwa chini watu wakimtazama kama mwoka mikate aliyepotea njia, hilo sikuwahi kuliona, na sijaliona tena. Na huyu kazi yake ni nyimbo. Ni kama kumwambia mvuvi asiiguse bahari.

Shida yake yenyewe niliisikia nikimenya mihogo, yeye na Mama Pushpa mezani wanadhani sisikii. Kabla ya msiba, Dai alikuwa amempata bibi mmoja Wembley, mama wa mpishi wa hoteli ya Kihindi, aliyeletwa na mwanawe kutoka kwao aje apumzike, na badala ya kupumzika akapata ugonjwa wa kifua. Bibi huyo, tulimwita Aama, maana yake mama, alitoka kijiji kilichokuwa chini kidogo ya kijiji cha mama yake Dai. Ujana wao walipandikiza mpunga mabonde yale yale kwa ujima, leo kwako kesho kwangu. Wengine waliopanda nao walishakufa. Aama ndiye aliyebaki na wimbo wa kupandikiza wa bonde lile, ule aliokuwa akiuimba mama yake Dai mvua zikianza. Dai alikuwa aende akauchukue. Sasa hawezi, na kifua cha bibi hakisubiri.

“Wewe nakwenda, nasikiliza, narudi, naoga,” Mama Pushpa anamwambia. “Mungu iko na kazi mingi, hapana tazama Wembley.”

“Mama,” Dai akasema, “nimepanda milima yote nikiwauliza mama za watu. Wa kwangu sikumuuliza. Nilimwona yupo tu, nikasema mwakani. Nilichobaki nacho cha kumpa ni mwaka huu mmoja. Nao niutoboe?”

“Basi bibi nakufa na wimbo nakwenda naye.”

“Najua.”

Alivyosema lile najua, kisu kikanisimama mkononi. Nikageuka. “Nitakwenda mie.”

Wote wawili wakanitazama. “Bahini,” Dai akasema kwa upole, “hujui hata neno moja la lugha yetu.”

“Na Kiarabu nakijua? Juzuu Amma yote ninayo kifuani tangu sijaota meno ya pili. Mwalimu anasoma, mimi narudia, nikikosea bakora. Kwani nyimbo zenu ngumu kuliko Kurani?”

Mama Pushpa akapiga meza kwa kofi, kacheka mpaka machozi. Dai hakucheka. Akasema, “Ukirudi usiniambie kitu. Hata ukiupata. Mpaka mwaka uishe.”

Nyumba ya Aama ilikuwa juu ya duka la sari, chumba kimoja chenye zulia la kijani na hita ya umeme iliyokuwa ikiwaka mchana kutwa. Kibibi kidogo, pete puani, miguu imevimba, kafungwa mashali matatu. Akanitazama juu mpaka chini akamuuliza mkwe wake kitu. Mkwe akanitafsiria kwa Kiingereza, “Anauliza, hospitali imekutuma?” Nikaeleza shida yangu. Bibi akatikisa kichwa. Hata Dai alipokuja kabla ya msiba na kile chombo chake cha kunasia, bibi alikifunika kwa shali akasema hakina miguu. Wimbo wa kupandikiza, akasema, hauimbwi umekaa, na hapewi mtu asiyetia mguu topeni. Nikaona hapa maneno hayatafua dafu. Nikakumbuka lile swali la Dai, mikono inafanya nini. Mkwe alikuwa anakata vitunguu vya majani. Nikamnyang’anya kifungu kizima, nikavua viatu, nikapandisha sketi nikaifunga kiunoni, nikainama katikati ya zulia la Wembley, nikaanza kupandikiza kama tulivyokuwa tukipandikiza bondeni kwetu: kifungu mkono wa kushoto, kidole gumba kinausindika mche chini, huyo, unarudi nyuma, mche mwingine, huyo. Nikasikia sauti nyuma yangu. Bibi anacheka mpaka anakohoa, anapiga mapaja. “Anasema,” mkwe naye kicheko kimembana, “mbali mno! Ng’ombe atapita katikati!” Kisha Aama akasukuma mashali yake, akashika ukingo wa kiti, akainuka. Mkwe akapiga ukelele, “Aama, kifua!” Hakusikilizwa. Akaja akainama kando yangu, mfupa kwa mfupa, akaninyang’anya nusu ya vitunguu, akapanda mstari wake umenyooka kama uzi. Na mikono ilipoanza kwenda, sauti ikatoka yenyewe.

Tangu hapo kila Jumapili nilikuwa Wembley. Ilikuwa kama chuo changu cha Kurani, yeye anatoa, mimi narudia, nikikosea ananichapa kitunguu mkononi. Maana sikuipata ila kwa vipande, mkwe akiwa na nafasi. Kulikuwa na mahali mvua inatukanwa, mahali mama mkwe anatukanwa zaidi, na mahali msichana anaomba tope limshike mguu asiolewe mbali. Nami nikampa zetu, kwa sababu mtu hapokei tu kama mtoza ushuru. Alizipenda zenye matusi. Nikirudi Kilburn, Dai alikuwa akikaa ngazini na viatu vyake vyeupe, ananiuliza neno moja, “Aama hajambo?” Namwambia hajambo. Halafu anautazama mdomo wangu kama mwenye njaa anavyoutazama mfuniko wa sufuria.

Kazi kubwa haikuwa kuuchukua wimbo. Kazi ilikuwa kuunyamaza. Asubuhi moja nakanda chapati, mkono ukashika mwendo, na wimbo ukaniponyoka puani, mmm, mmm, hata sikujisikia. Dai alikuwa anamenya chungwa. Akainuka kama kaungua, akatoka nje bila koti, theluji ile, na viatu vya turubai, akasimama barabarani kaziba masikio. “Funga mdomo!” Mama Pushpa akanipiga kwa taulo la vyombo. “Wewe natoboa mwaka ya mtu!” Ikanilazimu niupeleke kazini. Deki nayo hupigwa kwa kurudi nyuma, na ujia wa hospitali ni mrefu kama konde. Nikawa napandikiza mpunga pale kila siku. Mgonjwa mmoja, mzee wa Kiailandi, akaniuliza kama nasali. Nikamwambia napanda. Akasema, “Basi panda, dada, na mie uniombee mvua kidogo.”

Nikiwa msichana, nilidhani Dai anajitesa bure. Niliwaza, mama kafa, hamwoni, hajui viatu vyake vya rangi gani. Siku hizi nimezika mume na dada wawili na ninaelewa kidogo. Msiba wetu sisi huisha upesi mno hapa London. Siku tatu za likizo, ukirudi kazini wanakupa kadi na wanataka utabasamu. Yeye aliuchukua mwaka akaukatalia mji mzima. Kila aliyemwona alijua mtu huyu kaondokewa na mtu wake, na yeye mwenyewe hakuweza kusahau hata akiwa anafunga kamba za viatu.

Miti ilipoanza kuchipua, Aama hakuinuka tena kitini. Akawa ananifundisha kwa vidole juu ya blanketi. Jumapili moja pumzi ilimkatikia kila mstari, nikamwambia apumzike, tutamaliza siku nyingine. Akamwambia mkwe maneno marefu, akafumba macho. “Anasema umebaki ubeti mmoja tu,” mkwe akaniambia. “Wa kutokea shambani, kazi ikiisha. Huo ni mfupi. Jumapili ijayo.” Jumapili hiyo nilikuta viatu vingi mlangoni, nikajua kabla sijapanda ngazi. Nilirudi Kilburn, na Dai yuko pale pale.

“Aama hajambo?”

“Amekufa, Dai.”

Akateleza kidogo kidogo mpaka akakaa kwenye ngazi ya chini. Alitaka kuniuliza. Hakuuliza, maana alijifunga, na mie sikumwambia kuwa wimbo niliobeba hauna mkia, maana alinifunga. Miezi iliyobaki tulipishana kwenye nyumba ile na jambo hilo katikati yetu, tukiongea habari za mabomba na bei ya nyanya.

Mwaka ukaisha. Padri wa Kihindu akaja akafanya yake, nguo nyeupe zikavuliwa. Kesho yake mchana Dai akaingia jikoni kavaa sweta la buluu, sote tukamtazama kama mgeni. Akaweka kinasa sauti mezani, lakini akakigeuzageuza, kitufe hakioni. Nikakisogeza pembeni. Mama Pushpa akafunga bomba la maji, akasimama na sufuria lake mkononi. Nikasimama katikati ya jiko, nikainama, nikaanza. Kinywa changu ni cha Kipemba, kila neno lao linaloishia pakavu mie nililipa irabu ya kukalia, najua niliyaharibu mengi. Lakini sauti ilikuwa ya Aama, na mwendo ulikuwa wake. Niliitukana mvua, nikamtukana mama mkwe, nikaomba tope. Dai alikuwa kafumba macho, midomo inanifuata kwa mbali kama mtu anayetambua nyumba gizani kwa kupapasa. Kisha nikafika nilipofika, nikasimama wima.

“Endelea,” akasema.

“Ndiyo mwisho nilionao. Umebaki ubeti mmoja, wa kutokea shambani. Pumzi ilimwisha hajanipa. Nisamehe.”

Akainamisha kichwa. Kilio nilikuwa nakingoja, nikajiambia safari hii nitamshika mkono, potelea mbali. Hakulia. “Kutokea shambani,” akarudia polepole. Akaanza kitu kidogo, si kuimba hasa, ni kama mtu anavyoita mbuzi, sauti inapanda inakawia juu kisha inateremka. Na kile kitu kikakaa kwenye ncha ya wimbo wangu sawasawa, hakikuacha hata upenyo. Tukakisikia sote. Mama Pushpa akasema jina la Mungu wake.

“Lakini huu si wimbo,” Dai akasema, macho yamemtoka. “Huu si wimbo, bahini. Wakipanda, waliniweka ukingoni mwa konde na bisi zangu, nikasinzia. Jioni mama alikuwa akiniita hivi, twende nyumbani. Nilidhani ndivyo anavyoniita mie tu. Maisha yangu yote nilidhani ni jina langu.”

Mie ni mtu wa darasa la nne, sikuwa na la kisomi. Nikamwambia linalosemwa kwetu kwa mtoto yeyote. “Mtu akiitwa na mamake hakai kueleza, Dai. Huitika. Itika.”

Akamtazama Mama Pushpa, akanitazama mie, yeye mwalimu wa chuo kikuu, nywele zake zilizonyolewa zimerudi na mvi. Kisha akasimama, mikono kaishusha ubavuni kama mtoto, akageukia dirisha la jiko lililotazama mapipa ya taka na ua wa jirani, akaitika.